MASHINDANO YA KIRAFIKI YA UTAFITI WA SHERIA: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Hutokea vijana watatu au wanne wakaingia pamoja katika ofisi ya Serikali, karatasi moja mkononi, wakaomba waonyeshwe Gazeti Rasmi la mwaka fulani au sheria ambayo hata jina lake hawajalijua sawasawa. Mtumishi aliyepo mezani huenda akadhani kuwa vijana hao wana kesi, au kuwa wametumwa kuja kukagua. Aghlabu si hilo wala hili. Ni wanafunzi wapya wa sheria walio katika mashindano ya kirafiki ya utafiti wa sheria, na ni vyema watumishi na wananchi wakafahamu shughuli hiyo ni ya namna gani, inatafuta nini, na kwa nini inawahusu hata wale ambao hawana mtoto chuoni.

Mashindano ya aina hii yasichanganywe na yale ya mahkama ya mfano, ambayo yanajulikana zaidi. Katika mahkama ya mfano mwanafunzi huvaa joho, husimama mbele ya watu waliokaa kama majaji, na hubishana. Mashuhuri miongoni mwa hayo ni yale yenye jina la Philip C. Jessup, yaliyoanza mwaka 1960 na yanayohusu sheria za kimataifa, na yale ya haki za binaadamu ya Afrika, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na Kituo cha Haki za Binaadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Mashindano ya utafiti hayana joho wala hotuba. Kikundi hupewa tatizo moja la maisha ya kawaida, hupewa muda, na hutakiwa kurudi na jawabu fupi: sheria gani inahusika, kifungu gani, kama sheria hiyo bado inatumika, na imeonekana wapi. Yanaitwa ya kirafiki kwa sababu alama zake haziingizwi katika mitihani, na mwanafunzi aliyekosea huonyeshwa kosa lake siku ile ile mbele ya wenzake bila ya kuadhiriwa.

Msingi wa mambo haya si mgeni visiwani. Aliyepita katika darsa za fiqhi anafahamu kuwa mwanafunzi hakubaliwi kusema tu kuwa jambo fulani ni haramu au halali. Huulizwa: umelitoa wapi? Akisema ni kauli ya wanavyuoni, huulizwa ni mwanachuoni gani, katika kitabu gani, mlango gani. Minhaj at-Talibin ya Imamu Nawawi, ambayo kwa muda mrefu imekuwa tegemeo la makadhi wa madhehebu ya Shafii katika mwambao wa Afrika Mashariki, husomwa kwa mtindo huo, neno baada ya neno, na kila kauli ikirejeshwa kwa mwenyewe. Mwanafunzi wa sheria wa leo anafundishwa adabu hiyo hiyo kwa vitabu vyengine.

Jambo hili litafahamika vizuri zaidi kwa mfano. Tuchukue tatizo la namna ambayo kikundi huweza kupewa. Mtu amefariki kisiwani Pemba. Ameacha mke, mabinti wawili, na ndugu yake wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja. Mali iliyojulikana ni mikarafuu 24 iliyomo ndani ya shamba la jirani, na eka tatu alizopewa na Serikali baada ya Mapinduzi. Hakuna deni wala wasia. Ndugu wa marehemu anasema vyote viwili ni mirathi na vigawiwe mara moja. Jirani anasema mikarafuu ni yake kwa kuwa imo katika ardhi yake. Mjane anauliza aende wapi.

Vijana waliosoma chuo cha Kurani hufurahi wakiona swali kama hili, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa dakika chache tu huwa wamekwishaandika faraidhi: mke thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mabinti wawili thuluthi mbili, ndugu anachukua kilichobaki. Katika mikarafuu 24, mke anapata 3, kila binti 8, na ndugu 5. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini swali halikuwa hilo. Kabla ya kugawa ni lazima ijulikane ni kitu gani kilichokuwa mali ya marehemu, na hilo halimo katika elimu ya faraidhi peke yake.

Kwa upande wa mikarafuu, kikundi kinapaswa kuifikia Sheria Nam. 12 ya 1992, inayohusu umiliki na matumizi ya ardhi Zanzibar. Katika tafsiri ya neno "ardhi", sheria hiyo inajumuisha vitu vinavyoota juu yake na majengo yaliyosimama juu yake, lakini inaitoa miti pale ambapo miti hiyo imetambuliwa na kumilikiwa mbali na ardhi. Mtu asiyekuwa wa visiwa hivi anaweza kulisoma jambo hilo mara mbili asiamini. Mzanzibari halimshangazi: anajua kuwa shamba linaweza kuwa la mmoja na minazi ikawa ya mwengine, na kwamba mikarafuu imekuwa ikirithiwa, ikiuzwa na kuwekwa rahani bila ya ardhi kuguswa. Kwa hivyo hoja ya jirani kwamba mikarafuu ni yake kwa sababu tu imo katika ardhi yake haijitoshelezi. Kilichobaki ni ushahidi wa nani aliyeimiliki, na huo hautafutwi maktaba.

Eka tatu ni habari nyengine, na ndiyo yenye uzito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali kwa Dikrii ya Ardhi ya Serikali ya 1965, na ugawaji wa eka tatu ukaandaliwa kwa Dikrii ya Ugawaji wa Ardhi ya 1966. Aliyepewa eka alipewa kwa masharti. Hakupewa milki ya kufanya apendavyo. Kisha ikaja sheria ya 1992, ambayo nayo ina masharti yake juu ya eka hizo na ambayo inaeleza kuwa ardhi yote ya asili ya visiwa vya Unguja na Pemba ni ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais. Kikundi kinachoandika tu "eka tatu zigawiwe kwa faraidhi" bila ya kuzipitia sheria hizi kwa mfuatano wake, na marekebisho yaliyofuata, kitakuwa kimemwambia mjane jambo ambalo huenda likamgharimu nyumba na kisima. Na kikundi kinachoandika kuwa eka si mali na kwa hiyo warithi hawana kitu, bila ya kuonyesha kifungu, nacho kimekosea vile vile. Waamuzi wa mashindano hawatafuti jawabu kali wala jawabu la huruma. Wanataka jawabu lililosimama juu ya kifungu.

Halafu mjane aende wapi? Masuala ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu baina ya Waislamu ni ya Mahkama ya Kadhi. Mahkama hizo ziliwekewa utaratibu na Sheria Nam. 3 ya 1985, na baadae na Sheria Nam. 9 ya 2017. Lakini ugomvi wa nani mwenye haki juu ya ardhi ulikwishaundiwa chombo chake kwa Sheria ya Mahkama ya Ardhi, Nam. 7 ya 1994. Familia moja, msiba mmoja, na milango miwili. Wananchi wengi wameanza na mlango usiokuwa wao, wakakaa miezi, kisha wakaambiwa mahkama haina uwezo wa kulisikiliza shauri. Kikundi kinachoweza kusema mwanzoni kabisa ni suala gani liende kwa Kadhi na suala gani liende kwengine kimefanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuna makosa ambayo wanafunzi wapya huyarejea, na yanafaa kuelezwa kwa sababu watumishi wa Serikali nao huyafanya, tena katika barua zenye muhuri.

La kwanza ni kuchukua sheria ya Tanzania Bara na kuipeleka Zanzibar. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa kufuata sheria za Bara, na mwanafunzi huviamini. Akiulizwa habari ya ardhi huitaja Sheria ya Ardhi, Nam. 4 ya 1999. Akiulizwa habari ya ndoa huitaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Zote mbili hazitumiki Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano, na hata sheria ya Bunge la Muungano ina masharti ya kufikiwa kabla ya kutumika visiwani: kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinataka sheria hiyo iwe inahusu mambo ya Muungano tu, na ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Katika mashindano, kikundi kilichojenga jawabu zima juu ya sheria ya 1999 hakipati kitu, hata kama kimeandika kwa ufasaha wa kupendeza.

La pili ni kutaja namba ya sheria bila ya mwaka. Pengine hili litaonekana dogo, lakini ni chanzo cha fujo isiyokwisha. Sheria ya Adhabu ya 2004 ilikuwa Nam. 6. Sheria ya Adhabu iliyotungwa 2018 nayo ni Nam. 6. Sheria ya Mtoto ya 2011 ni Nam. 6 pia. Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya 2004 ilikuwa Nam. 7, na ya 2018 ikawa Nam. 7. Karani anayeandika "kwa mujibu wa Sheria Nam. 6" amewaacha wasomaji wake njia panda. Hata anayeandika "Sheria ya Adhabu, Nam. 6" hajasema kitu mpaka autaje mwaka, kwani vifungu vya mbili hizo si vile vile.

La tatu, lililo karibu na hilo, ni kuitumia sheria iliyokwishafutwa. Mara nyingi si uzembe. Nakala iliyopo ofisini ni ya zamani, imechanika jalada, imewekwa pambizoni alama za kalamu na mtu aliyekwishastaafu, na kwa kuwa imekuwepo siku zote hakuna anayeishuku. Ushahidi ulikuwa ukiongozwa na Dikrii iliyojulikana kama Sura ya 5 ya Sheria za Zanzibar mpaka ilipotungwa Sheria ya Ushahidi, Nam. 9 ya 2016. Miaka yote hiyo kitabu kilikuwa ni kile kile, na mkono wa mwanasheria ulikizowea. Mwanafunzi mpya ana bahati ya kutokuwa na mazoea. Anatakiwa aulize kila mara sheria hii imefutwa na ipi, na imerekebishwa na ipi. Kwa watumishi wa umma, Sheria ya Utumishi wa Umma, Nam. 2 ya 2011, na Sheria ya Ajira, Nam. 11 ya 2005, ni miongoni mwa zile ambazo afisa wa utumishi hana budi kuzisoma pamoja na marekebisho na kanuni zake kabla ya kumwandikia mtu barua ya kumsimamisha kazi. Nyuma ya barua hiyo kuna mshahara wa nyumba nzima.

Neno "Dikrii" lenyewe ni mtihani. Dikrii zilitungwa wakati wa Usultani, na Dikrii zikaendelea kutungwa baada ya 1964 chini ya Baraza la Mapinduzi, hadi lilipoanza kazi Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Hivyo jina la Dikrii halitoshi kumwonyesha msomaji imetoka katika zama zipi. Atazame mwaka wake. Sheria zenye namba ya "Sura" ndizo zilizokusanywa katika majalada ya sheria kabla ya Mapinduzi, na si zote zilizokufa. Aidha kuna tarehe ambayo wanafunzi wapya huishangaa sana, nayo ni 7 Julai 1897. Mahkama za Zanzibar, pale sheria zilizotungwa zinapokuwa kimya, zimeruhusiwa kutumia kanuni za sheria ya Kiingereza kama zilivyokuwa siku hiyo. Jambo la visiwani leo linaweza kupimwa kwa hukumu iliyotolewa London kabla ya babu wa mwanafunzi kuzaliwa.

Vitu vyote hivyo vinapatikana wapi? Sheria mpya hutangazwa katika Gazeti Rasmi, na kuna mfululizo wa magazeti ya Serikali ya Zanzibar unaorudi nyuma hadi 1892. Hukumu za zamani zilikusanywa: ripoti za kesi za tangu 1868 hadi 1918 zilichapishwa kitabu kimoja mwaka 1919, na ndani yake mna mashauri ya wakfu, ya rahani na ya mirathi ambayo bado yana faida kwa anayetafuta asili ya jambo. Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimehifadhi mengi ya kale. Siku hizi hukumu na sheria nyingi zimewekwa katika intaneti, na vijana huanzia huko kabla ya kuinuka kitini. Hakuna ubaya. Ila kilichomo katika intaneti si kila kilichopo, na nakala iliyowekwa huko inaweza kuwa haijaingizwa marekebisho. Ndiyo maana swali zuri la mashindano huwa na angalau sehemu moja isiyojibika bila ya kwenda kwa miguu kufungua jalada.

Hapo ndipo ofisi za Serikali zinapoingia. Sheria iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi si siri, na mtumishi anayeombwa kuionyesha hana sababu ya kuuliza mwombaji ana kesi na nani. Majalada ya mashauri na ya watumishi ni jambo jengine: yana habari za watu, yanakwenda kwa ruhusa ya mkuu wa ofisi au ya Mrajis wa mahkama, na mwanafunzi hapaswi kupewa kwa sababu tu ya haya ya kumkatalia. Mtumishi aseme wazi kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi. Asimwambie mtu "njoo kesho" ilhali anajua kuwa kesho hatompa.

Wala mtumishi asiwajibie. Vijana wengine huuliza moja kwa moja, "Mzee, sheria inasemaje?" na mzee aliyekaa miaka thalathini masjala hupendezewa na kuulizwa, akatoa jawabu zima hapo hapo mlangoni. Jawabu hilo linaweza kuwa sahihi, lakini kikundi hakitapata alama kwa kuandika kuwa kimeambiwa na mzee wa masjala. Msaada ulio bora ni kuwaonyesha rafu.

Wananchi nao huguswa. Kikundi kinaweza kufika shamba kutazama mipaka au kuuliza namna miti inavyohesabiwa. Ifahamike kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza si mawakili. Hawana ruhusa ya kumwakilisha mtu mahkamani, hawatakiwi kupokea malipo, na lolote watakaloandika ni zoezi la chuo. Mwananchi mwenye shauri la kweli aende kwa wakili, au kwa wale wanaotoa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilitungwa 2018 kwa ajili hiyo, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kimefunza wasaidizi wa sheria katika majimbo ya Unguja na Pemba. Asimpe mwanafunzi hati yake ya asili akaondoka nayo. Nakala inatosha, na hata hiyo aandike juu yake tarehe na jina la aliyeichukua.

Namna ya kutoa alama nayo ina mambo yake. Karatasi ya jawabu ya kawaida huwa na safu nne: suala, sheria na kifungu, hali ya sheria hiyo, na mahali ilipoonekana pamoja na siku. Safu ya mwisho ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayofichua. Huweza kutokea vikundi viwili vikataja sheria moja na kifungu kimoja, na maneno ya kifungu yakatofautiana. Waamuzi wakitazama safu ya nne huona kuwa kikundi kimoja kilisoma nakala ya ofisi moja na chengine nakala ya ofisi nyengine, na kwamba ofisi moja haikuwahi kupachika marekebisho katika nakala yake. Hapo hakuna kikundi kilichosema uongo. Ofisi yenye nakala pungufu iarifiwe siku hiyo hiyo, ili isiendelee kuwaandikia watu kwa kifungu kilichokwishabadilishwa.

Kikundi kinachokusudia kufika ofisini kije na barua ya chuo na vitambulisho, kitaje mwaka wa sheria inayotafutwa, na kiwe na kalamu ya risasi badala ya kalamu ya wino kinapoandika pembeni ya majalada ya kale. Siku ya Ijumaa ni bora kufika mapema asubuhi, kwani Gazeti Rasmi la zamani likitolewa rafuni saa tano halitawahi kusomwa kabla ya ofisi kufungwa kwa sala.